Koili ya Pili Katika Tanuri la Moshi: Kwanza Tujue Joto Linakwenda Wapi

Kwa muda sasa mafundi wa umeme, walimu wa sayansi kimu na wafanyabiashara wa samaki wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: je, tanuri la umeme la kukaushia samaki kwa moshi, lenye koili moja ya joto, laweza kuongezewa koili ya pili? Jibu fupi ni kwamba laweza. Lakini jibu hilo halimfaidii sana mwenye kuuliza, kwa sababu aulizaye hivyo huwa amekwisha kuamua mwenyewe kwamba maradhi ya tanuri lake ni upungufu wa joto, na sasa anatafuta dawa tu. Rai yangu ni kwamba katika matanuri mengi maradhi si hayo. Koili ya pili ina kazi yake, tena kazi ya maana, ila si ile inayodhaniwa na wengi. Na kwa kuwa hesabu zinazohitajika ili kuupata ukweli wa jambo hili hazizidi kiwango cha shule ya sekondari, naona ni hasara kubwa kuziacha nje ya darasa.

Hebu tulitazame tanuri lenyewe. Ni sanduku la bati lililosimama, lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 120. Chini kabisa pana koili moja ya wati 1,000, ambayo mafundi wengine huiita elementi. Juu ya koili huwekwa sahani ya chuma yenye unga wa mbao, na juu yake trei za wavu zinazobeba samaki. Paa lina tundu la kutolea moshi, na ubavuni pana themostati inayokata na kurudisha umeme joto linapofika kiwango kilichopangwa. Mpango huu ni rahisi kuutengeneza, ndiyo maana umeenea. Kasoro zake hazionekani mpaka siku samaki watakapopakiwa.

Tuseme tumepakia kilo 20 za samaki waliopasuliwa na kuoshwa, nasi twataka wakauke kiasi cha kuweza kusafirishwa hadi soko la mbali bila barafu. Katika samaki mbichi, takriban robo tatu ya uzito ni maji. Kwa hiyo tuna kilo 15 za maji na kilo 5 za nyama kavu. Tukitaka samaki aliyekamilika abakiwe na maji robo moja tu ya uzito wake, hesabu yatuonyesha kwamba zile kilo 20 zitashuka hadi kilo 6.7 hivi, na kwamba maji yanayopaswa kuondoka ni kilo 13.3. Napenda mwanafunzi asimame kidogo hapa. Watu husema wanakausha samaki kana kwamba kazi ni ya kupasha samaki joto. Kazi hasa ni ya kuyageuza maji kuwa mvuke, ndoo nzima na zaidi, na kuutoa mvuke huo nje ya sanduku.

Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke katika joto la tanuri hudai takriban kilojouli 2,350. Hilo ndilo joto fiche ambalo wanafunzi wetu hulikariri vizuri sana na kulisahau siku moja baada ya mtihani. Kwa kilo 13.3 tunahitaji kilojouli 31,000 na kitu, nazo ni karibu uniti 9 za umeme, maana uniti moja ni kilojouli 3,600. Kuwapasha samaki wenyewe kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 75 za Selsiasi kunadai uniti moja tu. Kisha inakuja hewa. Mvuke hautoki wenyewe, bali huchukuliwa na hewa inayoingia ikiwa ya baridi na kutoka ikiwa ya moto. Tukikadiria kwamba kila kilo ya hewa inabeba gramu 20 za mvuke, tutahitaji zaidi ya kilo 660 za hewa, na kuipasha hewa hiyo kwa nyuzi 50 kutatumia uniti 9 nyingine. Ukiongeza joto linaloliwa na trei na sanduku, shehena hii inadai karibu uniti 20. Nasema karibu, kwa sababu samaki wanatofautiana, na hali kadhalika hewa ya Bukoba si hewa ya Dodoma.

Mpaka hapa mtu aweza kusema: basi koili ya wati 1,000 itafanya kazi hiyo kwa saa 20, nayo koili ya pili itaimaliza kwa saa 10. Ndivyo hasa wanavyohesabu mafundi wetu, na kosa lao ni moja tu, lakini ni kubwa: wamezisahau kuta.

Sanduku letu lina eneo la mita za mraba 3.6. Bati tupu, ambalo ndani yake pana hewa ya moto na nje pana upepo wa kawaida, hupitisha takriban wati 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ndani nyuzi 75, nje nyuzi 25, tofauti ni 50. Zidisha: 3.6 mara 5 mara 50 ni wati 900. Maana yake ni kwamba koili yetu ya wati 1,000 inatumia wati 900 kulipasha joto jiko zima la mwenye nyumba, na wati 100 tu ndizo zinazobaki kwa ajili ya samaki. Tanuri tupu litafika nyuzi 75 kwa shida. Tanuri lenye samaki halitafika kabisa. Litabaki kwenye nyuzi 40 au 50 kwa saa nyingi, na hapo ndipo penye hatari. Bakteria waharibuo chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na nyingi kati ya zile hatari kwa afya hupenda joto linalokaribiana na la mwili wa mwanadamu. Mwenye tanuri anadhani anakausha, kumbe anaatamia. Kwa samaki wa jamii ya jodari na vibua mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu wakicheleweshwa katika joto la namna hiyo hufanyika ndani yao histamini, sumu ambayo hata ukiwapika baadaye haiondoki.

Sasa tulivishe sanduku hilohilo sufi ya madini yenye unene wa sentimita 5, kisha bati la pili kwa nje, kama yalivyo majiko ya kuokea mikate. Upotevu wa kuta unashuka kutoka wati 900 hadi wati 150 hivi. Tumeokoa wati 750 bila kununua koili, bila waya mpya, na bila kuongeza hata senti moja katika malipo ya umeme ya kila siku. Mahali pasipopatikana sufi hiyo, hata majivu makavu yaliyochekechwa na kushindiliwa baina ya mabati mawili hupunguza upotevu kwa kiasi kikubwa. Pumba za mpunga pia huzuia joto vizuri, lakini hizo zisitumike karibu na koili, maana zinashika moto.

Linganisha basi. Tanuri la bati tupu lenye koili mbili linapata wati 1,100 za kufanyia kazi, litamaliza shehena yetu kwa saa 18 na kula uniti 36. Tanuri lililovishwa lenye koili moja linapata wati 850. Litamaliza kwa saa 23 au 24 na kula uniti zipatazo 24. Tanuri lililovishwa lenye koili mbili litamaliza kwa saa 11 na kula uniti 22 tu. Msomaji ataona kwamba tanuri hilo la mwisho linatumia umeme kidogo kuliko lile la koili moja, ingawa nguvu yake ni maradufu. Wanafunzi wengi hukataa jambo hili mpaka wafanye hesabu kwa mkono wao wenyewe. Sababu ni nyepesi: kazi ikiisha mapema, kuta nazo hupata muda mfupi wa kuiba.

Kwa hiyo mimi sipingi koili ya pili. Napinga kuitanguliza. Anayeongeza koili katika sanduku la bati tupu ni sawa na mtu aletaye mtungi wa pili kujaza pipa lililotoboka.

Miaka michache iliyopita mfanyabiashara mmoja kutoka Mwanza alileta tanuri lake katika karakana yetu. Alikuwa amemlipa fundi amwongezee koili ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza, na tangu siku hiyo, alisema, tanuri limekuwa baridi zaidi kuliko zamani. Alikuwa amepoteza shehena mbili za sangara na alikuwa ameanza kuamini kwamba koili aliyouziwa ni bandia. Koili ilikuwa nzima. Fundi alikuwa ameziunga zile koili mbili kwa mfuatano, yaani umeme upite katika ya kwanza ndipo uingie katika ya pili.

Twende kwenye kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaijua. Koili ya wati 1,000 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 na inapitisha ampea 4.3. Ukiunga mbili kwa mfuatano, ukinzani unakuwa omu 106, mkondo unapungua hadi ampea 2.2, na nguvu ya zote mbili kwa pamoja ni wati 500 tu. Mfanyabiashara yule alikuwa amelipa fedha ili kuipunguza nguvu ya tanuri lake kwa nusu. Ukiziunga kwa sambamba, kila koili inapata volti 230 zake kamili, mkondo wa jumla unafika ampea 8.7, na nguvu inakuwa wati 2,000. Fundi yule alikuwa amefaulu somo la fizikia, kwa maneno yake mwenyewe. Simlaumu sana. Shuleni aliunga balbu ndogo mbili kwenye betri, akaona zimefifia, akaandika katika daftari kwamba zimefifia, na hakuna aliyemwambia kwamba siku moja kufifia huko kutaozesha samaki wa mtu.

Pana hali moja tu ambapo muungano wa mfuatano unafaa. Koili zitokazo Marekani hutengenezwa kwa volti 120. Koili ya wati 800 ya namna hiyo ina ukinzani wa omu 18, na mtu akiichomeka katika volti 230 itajaribu kutoa karibu wati 2,900 na kuungua kwa muda mfupi. Koili mbili za aina hiyo zilizo sawa kabisa, zikiungwa kwa mfuatano, kila moja hupata volti 115 na kutoa wati 735. Lakini sharti ziwe sawa kweli, na ikikatika moja, zote mbili huzimika.

Mambo ya usalama nitayapitia kwa haraka, si kwa sababu ni madogo, bali kwa sababu hayana mjadala. Plagi ya pini tatu za mraba tunayoitumia hapa Tanzania, na wenzetu wa Kenya na Uganda pia, imewekewa kikomo cha ampea 13. Koili mbili za wati 1,000 zinaingia humo. Lakini anayechukua tanuri la wati 1,500 na kuliongezea koili ya wati 2,000 anadai ampea 15, na plagi yake itayeyuka kabla samaki hawajaiva. Themostati nayo ina kikomo chake kilichoandikwa ubavuni, na iliyonunuliwa kwa ajili ya koili moja huenda isistahimili mbili. Ikiungua kwa kushikana, tanuri halitazimika tena lenyewe. Waya wa ndani uwe wenye ganda la kustahimili joto. Na waya wa ardhi ufungwe kwa skrubu kwenye bati lenyewe, tena pale palipokwanguliwa rangi. Maji yanayodondoka kutoka kwa samaki yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua. Mama anayefungua mlango wa tanuri akiwa amesimama pekupeku juu ya sakafu iliyolowa hapati nafasi ya pili. Swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, ingekuwa ya lazima kama uamuzi ungekuwa wangu.

Neno moja zaidi kuhusu volti. Vijiji vilivyo mwisho wa laini hupata umeme dhaifu nyakati za jioni. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, mtu hudhani nguvu imepungua kidogo tu. Lakini nguvu ya koili hufuata volti zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, hivyo wati 1,000 zinashuka hadi wati 756. Robo ya joto imepotea bila mtu kugusa kitu. Huyu naye atakwenda kwa fundi kudai koili ya pili, ilhali angefaa kwanza kuazima mita.

Nimesema kwamba koili ya pili ina kazi ya maana. Sasa niieleze.

Katika tanuri tulilolichora mwanzo, koili moja imepewa kazi mbili zisizopatana: kukausha na kutoa moshi. Joto likipungua, themostati inawasha koili, unga wa mbao ulio juu yake unapata moto mkali na huenda ukalipuka ndimi. Joto likitosha, koili inazimwa na moshi unakatika. Moshi unakuja pale tusipouhitaji na kutoweka pale tunapouhitaji. Lakini ubaya mkubwa uko katika kemia yake. Mbao huanza kuvunjika na kutoa moshi wenye harufu na ladha nzuri kuanzia nyuzi 200 na kitu, na kwa nyuzi 300 hadi 400 tayari umepatikana moshi wote tunaouhitaji. Kadiri joto la unga wa mbao linavyopanda juu ya hapo ndivyo zinavyozidi kufanyika hidrokaboni zenye pete nyingi, ambazo mashuhuri kati yake ni benzopirini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka benzopirini katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Tangu Septemba 2014, nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali samaki wa moshi wa kawaida mwenye zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini katika kilo moja. Samaki wetu wa kubanikwa juu ya moto wa wazi huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na wapo wanaokula samaki hao kila siku tangu utotoni. Nalitaja soko la Ulaya kwa kuwa kipimo chake kinajulikana. Mlaji wa Geita au wa Kigoma ana ini lilelile.

Basi koili ya pili ipewe unga wa mbao peke yake. Iwe ndogo, wati 250 zatosha, iwe na swichi yake, na ikae katika kisanduku chake pembeni au nje ya tanuri, moshi ukiingia kwa bomba fupi. Koili kubwa ibaki na kazi ya kukausha, ikiongozwa na themostati, na juu yake iwekwe sahani ya mteremko ya kukinga mafuta, kwa sababu mafuta ya sangara yakidondokea koili nyekundu huungua na kutoa hidrokaboni zilezile tunazozikimbia. Hapo mwendeshaji anaweza kukausha bila moshi kwa saa nyingi, kisha akatia moshi kwa saa mbili za mwisho au za katikati, kiasi anachotaka mnunuzi.

Wazo hili si geni, wala sijidai kulibuni. Tanuri la Torry, lililobuniwa Aberdeen, Uskoti, mwishoni mwa miaka ya 1930, lilitenganisha moto wa moshi na vipasha joto vya hewa, na likatumia feni kuisukuma hewa baina ya samaki. Nililiona moja likifanya kazi bado nilipokuwa mwanafunzi huko, miongo mingi baada ya kubuniwa kwake, na mwenyewe hakuwa na nia ya kulibadili. Karibu nasi zaidi, tanuri la FTT-Thiaroye, lililotengenezwa Senegal na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na chuo cha uvuvi cha huko, limejengwa juu ya msingi huohuo: hatua ya kuivisha na kukausha ni mbali, hatua ya kutia moshi ni mbali, na mafuta yana chombo chake cha kuyapokea. Nalo lilijengwa juu ya kazi ya akina mama wa Chorkor, Ghana, ambao tanuri lao la trei zilizopangwa moja juu ya nyingine lilienea Afrika nzima. Matanuri hayo ya Afrika Magharibi hayatumii umeme. Jambo la kujifunza ni mgawanyo wa kazi, si aina ya nishati.

Kuhusu aina ya unga wa mbao niseme kidogo tu. Unga wa paini kutoka mashine za kupasulia mbao ni mwingi na wa bure, lakini una utomvu unaotoa masizi na ladha chungu. Na unga wa nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa usikaribie chakula kwa hali yoyote, maana baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Wapo watakaonipinga kwa hoja ya gharama. Watasema uniti 22 kwa kilo 6.7 za samaki wakavu ni fedha nyingi, na kwamba kuni ziko ziwani. Hoja hiyo ina uzito. Uniti 20 ni sawa na joto lote lililomo katika kilo 5 hivi za kuni kavu, na ingawa moto wa wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, bado kuni zaweza kuwa rahisi pale mti ulipo jirani. Pamoja na hayo, mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na nguzo zimefika katika vijiji vingi vya wavuvi. Umeme utatumika, tupende tusipende, na swali ni kama utatumika kwa akili. Mimi naona umeme upewe kazi ambayo kuni haziwezi kuifanya vizuri, nayo ni kuudhibiti moshi na kumalizia kwa joto lililo sahihi. Sehemu ya maji na iondolewe na jua. Samaki aliyepasuliwa akianikwa juu ya chanja katika upepo mkavu wa asubuhi, akipoteza kilo 4 tu za maji kati ya zile 13, tumeokoa zaidi ya uniti 5. Wakausha dagaa wanajua hili bila kufundishwa na mhadhiri.

Hoja ya pili hutoka kwa walimu wenzangu. Wanasema mambo ya koili na bati ni ya vyuo vya ufundi, na kwamba shule ya sekondari ifundishe kanuni. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika vitabu vyetu sura ya umeme na sura ya joto zimetenganishwa kama mahasimu, na mwanafunzi anayezijua zote mbili hajapata hata siku moja kuulizwa swali linalozidai pamoja. Kanuni isiyowahi kulinda samaki wa mtu ni vigumu kuitofautisha na shairi la kukariri. Fundi wa Mwanza aliitaja kanuni ya Ohm bila kusita, lakini hakuiona ilipokuwa mbele yake ndani ya sanduku.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara kubwa. Sanduku la bati, koili ndogo, kipimajoto, mita ya volti na mizani vyatosha, na mwalimu ndiye awe mwenye kugusa umeme. Darasa lipime tanuri tupu kwanza bila kulivisha, lisome joto kila baada ya dakika 10 mpaka likome kupanda, na nguvu ya koili wakati huo itakuwa ndiyo upotevu wa kuta. Siku ya pili walivishe na kurudia. Siku ya tatu watie samaki au hata mihogo iliyokatwakatwa, na kupima uzito kila saa. Watakapochora mstari wa uzito dhidi ya saa wataona jambo ambalo hesabu zangu za hapo juu zimelificha: mstari unashuka haraka mwanzoni, kisha unalegea. Katika saa za mwisho kinachochelewesha si upungufu wa joto bali maji yaliyomo ndani ya nyama, ambayo lazima yasafiri polepole hadi juu ndipo yageuke mvuke. Ukizidisha joto mapema mno, ngozi ya nje hukakamaa na kuifunga njia hiyo. Samaki anaonekana amekauka, anapigwa anasikika kama ubao, na baada ya wiki moja gunia linanuka. Ndiyo sababu mwenye koili mbili aanze na joto la wastani na matundu yakiwa wazi kwa muda wa saa moja hivi, ngozi ikauke kidogo tu, kisha apandishe haraka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inataka samaki wa moshi wa moto afikie nyuzi 63 ndani ya nyama, tena akae humo angalau dakika 30. Joto hilo hupimwa katikati ya samaki mnene kuliko wote, na si mlangoni mwa tanuri.

Kama ningepewa nafasi ya kutunga swali moja tu la mtihani wa kidato cha nne, lingekuwa hili. Mfanyabiashara ana shilingi za kutosha kununua kitu kimoja kati ya vitatu: koili ya pili ya wati 1,000, sufi ya kuvisha tanuri lake la bati, au kisanduku cha moshi chenye koili ndogo. Tanuri lake hufika nyuzi 48 tu likiwa na samaki, na wanunuzi wake wanalalamika kwamba samaki wana masizi. Mshauri, na uonyeshe hesabu. Ningewapa alama kamili hata wale watakaotofautiana nami, ilimradi mstari wa kwanza wa jibu lao uwe kipimo cha volti.